Mihadhara ya kuufikiria upya mji wa Dar: itoke ukumbini, iende Mnazi Mmoja

#1 FundiBurashi

Wakuu salaam.

Naomba tujadili jambo hili taratibu, bila matusi na bila vyama. Siku hizi Dar kuna mihadhara na maonyesho mengi yenye vichwa vinavyofanana: Dar tuitakayo, Dar ya kesho, sanaa na mji. Mimi ni fundi wa herufi. Naandika vibao vya saluni na maduka ya dawa, na kabla stika za kompyuta hazijaingia nilikuwa naandika migongo ya daladala za Temeke. Mtu akitaja sanaa na mji kwa pumzi moja masikio yananisimama, na mhadhara ukiwa wa bure naenda.

Hoja yangu naiweka juu kabisa, asiye na muda aishie hapa. Mihadhara hii ina faida, ila tumeiweka mahali ambapo mji haupiti, na tunaianza na maneno wakati watu wa mji huu hufikiri vizuri zaidi wakiwa na kitu mbele ya macho cha kukibishia. Itoke ukumbini, iende Mnazi Mmoja, na ianze na mchoro.

Kwa ambao hawajawahi kuhudhuria, mambo huwa hivi. Getini kuna mlinzi na daftari: jina, simu, taasisi unayotoka. Kwenye taasisi ndipo watu wa aina yangu hukwama. Mimi huandika "Temeke" na sijawahi kurudishwa. Ndani kuna kiyoyozi, projekta, na picha za miji ya Ulaya yenye njia za baiskeli. Mzungumzaji anaomba radhi kwamba atachanganya lugha, kisha hachanganyi chochote, anakwenda na Kiingereza mpaka mwisho. Maswali yanapewa dakika kumi, na la kwanza linaulizwa na mtu aliyekuja na mzungumzaji gari moja. Halafu sambusa. Mawazo yanayotolewa mle ndani mara nyingi ni mazuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Yangekuwa pumba nisingehangaika kuandika uzi.

Sasa twende kwenye historia kidogo, maana mji huu umefikiriwa na watu wengi, ila angalieni ni akina nani.

Pale Samora inapokutana na Azikiwe kuna sanamu ya Askari. Imesimama tangu 1927. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na shaba ikamiminwa London kabla ya kuletwa kwa meli. Kabla yake, hapo hapo, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Wajerumani. Waingereza walipouchukua mji wakaiondoa. Kwa hiyo kwenye kitovu chenyewe cha mji, kwa zaidi ya miaka mia, kilichosimama kiliamuliwa na mgeni. Nenda katazame kitako chake: maandishi yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Vijana wanaojifunza kazi kwangu huwa nawatuma wakaiangalie ile ya Kiarabu, wajue kwamba kuandika ukutani mjini hakukuanza na wino wa mashine.

Mipango kabambe ya mji ni hivyo hivyo. Wa 1949 ulitengenezwa na kampuni ya Uingereza. Wa 1968, tukiwa huru tayari, ulitengenezwa na kampuni ya Kanada. Wa 1979 Kanada tena. Ule wa 1979 ulipomaliza miaka yake 20 mji ukaendelea kukua bila mpango mpya kwa muda mrefu, mpaka huu wa 2016 hadi 2036. Ndani ya kipindi hicho Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta zikajengwa na watu wenyewe, kwa kamba, vigingi na mjumbe wa shina kama shahidi. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 mkoa mzima. Sehemu kubwa ya watu hao wanakaa kwenye mji ambao haukuchorwa na kampuni yoyote.

Na Mnazi Mmoja? Wajerumani waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo. Waingereza wakaurithi mgawo huo wakaukaza, na uwazi ule wa Mnazi Mmoja ukaachwa ili kuitenga Uhindini na Kariakoo. Ajabu ni kwamba uwazi uliokusudiwa kututenga ndio TANU ikaja kuutumia kwa mikutano ya kudai uhuru. Ukumbi wa Arnautoglu uko hatua chache tu kutoka hapo. Hakuna mahali Dar penye haki zaidi ya kuitwa ukumbi wa mihadhara, na hapana mlango.

Kuna mfano mmoja wa mji kufikiriwa na mtu aliyeujua kwa miguu yake. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, lilibuniwa na Beda Amuli. Mliowahi kusimama ndani mnazikumbuka zile nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli. Mwanga unaingia, joto linatoka, na mvua inapokelewa na paa lenyewe. Huhitaji kuelezwa na mtu kwa projekta. Muuza nyanya aliyekuwa chini yake alijua kwamba aliyelibuni soko lile aliwahi kuona jua la saa nane mchana likimpiga mtu mwenye bidhaa inayooza. Soko likaungua Julai 2021. Kipindi chote cha kuzungumzia litengenezwe vipi, nilitamani kuona mchoro mmoja tu mkubwa umebandikwa ukutani Mtaa wa Mkunguni, na kalamu imefungwa kwa kamba pembeni watu waandike. Kama ulikuwepo, mimi haukunifikia, na Kariakoo napita kununua rangi.

Wengine watasema sanaa haibadilishi mji. Haya, tuangalie Bogotá, Kolombia. Mwaka 1994 walimchagua meya anaitwa Antanas Mockus, mwanahisabati na mwanafalsafa, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo kikuu cha taifa. Foleni na ajali zilikuwa zimewashinda na trafiki walikuwa wamezoea kula rushwa. Mockus akaweka kwenye njia panda waigizaji wasiosema, nyuso zimepakwa rangi nyeupe. Dereva akisimama juu ya alama ya kuvukia, mwigizaji anamwendea, anajishika kichwa, anasukuma gari kwa ishara, watu kando wanacheka. Mtembea kwa miguu akivuka ovyo anafuatwa nyuma na kuigwa mwendo. Alianza na waigizaji 20, wakaja kuzidi 400. Wananchi wakagawiwa kadi zenye dole gumba, upande mmoja juu na mwingine chini, wawe wanaonyeshana barabarani badala ya kutukanana. Na mahali gari lilipoua mtu, pakachorwa nyota kwenye lami. Vifo vya barabarani vikashuka miaka ile, ingawa kulikuwa na hatua nyingine pia, kama kubana saa za baa. Nisiwadanganye kwamba ni rangi nyeupe peke yake.

Kinachonivutia kwa Mockus ni mpangilio. Kitu kilikuja kwanza, mjadala ukafuata. Watu walibishana juu ya mambo waliyoyaona njia panda asubuhi ile, na hapo kila mtu ni mtaalamu.

Pendekezo langu: Jumapili moja kila mwezi, Mnazi Mmoja, saa kumi jioni jua likilegea. Kabla ya maneno yoyote tunachora kata moja ardhini kwa chokaa, kubwa kiasi cha mtu kutembea ndani yake. Mitaro, vituo, vyoo, miti yenye kivuli, visima, mahali mama ntilie walipo na mahali walipofukuzwa. Anayekaa kata hiyo anaalikwa kusahihisha kwa mguu na kwa chaki. Baada ya hapo mtaalamu apewe maiki, azungumze Kiswahili, akiwa amesimama juu ya mchoro ule. Wasanii wapo, kahawa ipo, kashata ipo.

Nawasilisha.

#2 SambusaMbili

Siti ya mbele. Ila sambusa usizikoseshe heshima, kuna watu tumekuwa wapenzi wa sanaa kwa ajili yake.

#3 BintiMabibo

Kaka FundiBurashi, nimekusoma mpaka mwisho. Ila usiandike kama kwamba mihadhara ya Kiswahili haipo. Mabibo pale TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, kuna semina za jinsia na maendeleo, siku yake ni Jumatano, mlango uko wazi. Wanakuja kina mama wa Mburahati, Manzese na Kigogo, wengine na watoto mgongoni. Mada inaweza kuwa bajeti ya maji, ardhi, usafiri, na mtu anasimama kwa lugha yake anasema zahanati ya kwetu haina hiki na hiki. Mimi nimejifunza kusoma bajeti pale, na shule niliishia la saba.

Ninachokubaliana na wewe ni kuhusu kuchora. Ukimwambia mama "changia mada" ananyamaza. Ukimwambia "nionyeshe unapochota maji" atachukua kijiti achore mpaka njia ya uchochoroni ambayo hata mjumbe haijui.

#4 MtuWaJangwani

Wakuu mimi nitakuwa mkorofi kidogo, mnisamehe.

Nimezaliwa bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 maji yalifika kwenye fremu ya dirisha, tukapanda juu ya bati na godoro. Baada ya pale baadhi yetu wakapelekwa Mabwepande. Nenda uulize mtu aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga Jangwani aliishije Mabwepande, mbali na soko, mbali na gati. Wengi walirudi. Tangu hapo nimeona wataalamu wa kila rangi wakija na kamera, na wasanii pia wamo. Mmoja alitaka nisimame mlangoni nishike picha ya familia iliyolowa. Nikamuuliza, hii picha itatoa matope?

Mnasema mji ufikiriwe upya. Sisi tumefikiriwa upya mpaka tumechoka. Kituo cha mwendokasi wamekijenga hapo hapo Jangwani, maji yanaingia kila msimu, na waliokibuni walisoma. Mtaro kwanza, chaki baadaye.

#5 FundiBurashi

Mkuu MtuWaJangwani, huo si ukorofi, hiyo ndiyo mada yenyewe.

Nakuuliza jambo moja. Ile alama ya maji kwenye fremu ya dirisha, ipo mpaka leo? Maana kama ipo, ninyi mna kipimo ambacho mhandisi anakilipia pesa. Nimekuwa nikiwaza: tuchukue rangi ya bluu, kila ukuta na kila nguzo kutoka Jangwani mpaka Kigogo tupige mstari mahali maji yalipofika, na mwaka wake pembeni. Kazi ya mchana mmoja kwa mafundi kumi. Halafu mtu akija na mchoro wa kituo au wa nyumba, anasimama mbele ya mstari uliompita kichwa. Hapo ndipo aeleze. Sijui hiyo tuite sanaa au tuite mtaro, kwangu ni rangi na burashi.

Kuhusu bonde lenyewe, mwaka 2018 mpango wa Msimbazi ulikaliwa kwa miezi na wataalamu, maofisa wa serikali na wakazi pamoja, wakichora na kufuta. Ndio ulioleta hii habari ya bustani kubwa ya mji na daraja la Jangwani. Kwa utaratibu naona ulikuwa bora kuliko wa 1979. Ninyi wakazi mtusimulie ilikuwaje upande wenu.

#6 MtuWaJangwani

Alama ipo kwa jirani, kwangu palishabomolewa kupisha mradi.

Kwenye vikao vile walikwenda wawakilishi. Mwakilishi wetu alirudi na maneno mengi na kofia. Michoro tuliiona mara moja, kwenye karatasi ukubwa wa daftari, imepita mikononi ikarudi. Wazee hawakuona kitu, miwani yenyewe ni ya kuazimana. Ungekuwa umechorwa ardhini tungejua mapema ni nyumba zipi zimo ndani ya mstari, watu wasingeendelea kuezeka.

Mstari wa bluu naunga mkono. Hilo ni la maana.

#7 MpimaMtaa

Naongezea uzoefu wangu. Mwaka 2015 nilikuwa mwanafunzi na niliingia kwenye Ramani Huria. Kwa wasioijua: wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani pamoja na vijana wa mitaa tulitembea kata zinazofurika, tukiingiza kila mtaro, kila jengo na kila njia kwenye ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Tandale ilikuwa imetangulia kuchorwa 2011.

Kazi yenyewe haikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa hivi: unachapa ramani kubwa, unaitandika juu ya benchi nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, unaweka mawe pembeni isipeperuke. Dakika tano huna mtu. Kisha anakuja mzee anatafuta nyumba yake. Akishaipata, kwisha, humtoi. "Huu mmechora mtaro, huu si mtaro, hii ni njia ya watu, mtaro ulizibwa na fulani alipojenga choo." Fulani naye yupo, anajibu. Ndani ya nusu saa una ugomvi mtamu, na ndani ya ugomvi huo kuna taarifa zote za mafuriko unazozitaka: nani alijaza kifusi, maji yaligeukia wapi, mwaka gani.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi kwa asilimia zote isipokuwa mahali. Mnazi Mmoja ni mbali na ugomvi. Mtu wa Tandale akiwa Mnazi Mmoja anakuwa mgeni, anaongea kama mgeni. Mchoro uende Tandale.

#8 MwanaEastlands

Hamjambo majirani. Nasoma nikiwa Nairobi na nimeona niseme kitu.

Huku kwetu GoDown, kituo cha sanaa kilichoanza 2003 kwenye bohari eneo la viwanda, walianzisha 2013 tamasha la Nai Ni Who. Utaratibu wake ulinifurahisha: badala ya kuwaita watu kwenye ukumbi, mitaa yenyewe ndiyo iliyowakaribisha watu. Wenyeji wa mtaa wanapanga matembezi, wanakuonyesha kwao, wanakuambia hapa ndipo fulani alianza muziki, hapa ndipo tulinyang'anywa uwanja wa mpira. Mtu wa Karen, mtaa wa wenye nacho, anatembezwa Eastlands na kijana wa Eastlands, anauliza maswali kama mwanafunzi. Nadhani hilo linajibu swali la mpima hapo juu. Msihamishe mtaa, hamisheni wasikilizaji.

Na kuhusu mahali pa wazi, tuna Jeevanjee Gardens katikati ya mji. Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa umma mwaka 1906. Kule Bunge la Mwananchi hukaa bila kiti wala spika, watu wanasimama duara wanajadili bei ya unga, katiba, kanjo (askari wa jiji), kila kitu. 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza bustani hiyo iwe majengo, mjukuu wake Zarina Patel akaongoza kampeni, ikaokoka. Miaka miwili kabla yake Wangari Maathai alikuwa amepigania Uhuru Park isijengwe ghorofa 60. Sasa fikirieni: kama bustani zile zingepotea, hata mahali pa kusimama kulaumu hatungekuwa napo. Kwa hivyo mimi ningeanza na kuhesabu viwanja vya wazi mlivyobaki navyo Dar, kabla ya kupanga nani ataongea.

#9 FundiBurashi

Ndugu wa Nairobi karibu sana. Hilo la kuhesabu viwanja vya wazi ni kubwa, na jibu lake halitapendeza. Kila mtu hapa anakumbuka uwanja aliochezea mpira ambao leo ni ukuta wa mtu.

#10 RangiYaBaiskeli

Naomba niwasemee wasanii, maana uzi unatutaja tu kama pilipili ya juu.

Tunaitwa siku mbili kabla ya mhadhara. "Tunahitaji kitu cha kuchangamsha." Unachora ukuta, wageni wanapiga picha mbele yake, wiki inayofuata ukuta unapakwa rangi nyeupe kwa sababu kuna harusi. Kuhusu malipo unaambiwa utapata jina. Jina nilipewa na baba yangu, sikuja kulitafuta kule. Na ukiomba kusema chochote kuhusu mji, wanakuangalia kana kwamba burashi imeongea.

Wakati sanaa iliyoutangaza mji huu duniani haikutoka ukumbini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 huko Msasani, juu ya mbao za hardibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli. Kazi ziliuzwa chini ya mbuyu karibu na Morogoro Stores. Hakukuwa na mhadhara. Aliuawa kwa risasi ya polisi 1972, akiwa amechora miaka minne tu, na wachoraji wa mtindo wake bado wapo Oysterbay mpaka leo, mtindo una jina lake. Muziki wa singeli vilevile, umetoka Manzese na Tandale kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, kompyuta moja na spika zilizopasuka, leo wazungu wanaucheza Ulaya.

Nafasi, kituo cha sanaa pale Mikocheni, wanajitahidi, tangu 2008, bohari na makontena yamegeuzwa karakana, unaweza kuingia ukaona mtu anafanya kazi ukazungumza naye hapo hapo. Hiyo kwangu ni bora kuliko mhadhara. Mtu akiwa na rangi mikononi anajibu ukweli.

Ombi langu: huyo msanii wa Jumapili alipwe, na awe mmoja wa wanaopewa maiki. Asipolipwa mtabaki na wasanii wenye wazazi matajiri, na mji mtakaoufikiria utafanana na wao.

#11 RamaniYaChuo

Mimi ni ofisa mipangomiji, manispaa sitaitaja. Nimesoma kwa makini, na kuna sehemu mnatuonea.

Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inatutaka tutangaze na tuwasikilize wananchi kabla ya mpango kupitishwa. Tunatangaza kwenye gazeti, tunabandika ofisini, tunaitisha mkutano. Wanakuja watu kumi na wanne, kumi kati yao wanauliza habari za viwanja. Rangi za ramani zinamchanganya mwananchi wa kawaida: kila rangi ina matumizi yake, kijani ni maeneo ya wazi. Mtu anaona kijani nyumbani kwake anafurahi, hajui maana yake ni kwamba nyumba yake haipo kwenye mawazo yetu.

Wazo la kuchora ardhini sikuwahi kulisikia kikaoni na nimelipenda. Tatizo ni skeli. Kata ya hekta 300 ukiichora uwanjani kila mita utakuwa umeifinya mara nyingi sana, uchochoro wa mita mbili utabaki mstari mwembamba tu. Bora mchukue mtaa mmoja, si kata. Hapo mita moja ya chaki inaweza kuwa mita 20 za kweli, na nyumba ya mtu inakuwa kubwa kuliko sahani.

Na kibali msisahau. Mkusanyiko uwanjani unahitaji taarifa polisi na ruhusa ya mwenye uwanja.

#12 MzeeWaMlimani

Vijana, nimefurahi kuona mnabishana kwa staha.

Mnapozungumzia mihadhara nje ya ukumbi, mkumbukeni mwanahistoria Walter Rodney, aliyefundisha hapa Mlimani. Mwaka 1968 alikuwa kwao Karibi, akifundisha chuo kikuu Kingston, Jamaika. Baada ya vipindi alikuwa anakwenda kukaa na Marasta na vijana wasio na kazi, uani na vichochoroni, anazungumza nao historia ya Afrika na kuwasikiliza. Oktoba mwaka huo alisafiri kwenda mkutanoni Kanada, serikali ikamzuia kuingia tena nchini. Mji ukalipuka kwa ghasia. Mwaka uliofuata akarudi kwetu Dar, akakaa mpaka 1974.

Nawaambia hili kwa ajili ya suala la kibali. Ukumbini unaweza kusema karibu lolote, maana waliomo wanajuana. Ukishatoa maneno yale yale nje, kila mwenye mamlaka atataka kujua nani kakutuma. Jiandaeni kwa hilo kabla ya kununua chaki. Waalikeni mapema, muwape nao sehemu ya kuchora.

#13 SambusaMbili

Mzee umenifanya niache utani. Huyo ofisa #11 ndiyo kwanza nimeona ofisa anaandika bila "tunalifanyia kazi".

#14 BintiMabibo

Mimi naona tumekubaliana zaidi ya tunavyobishana. Mtaa mmoja, si kata. Uchorwe huko huko kwao, na wageni ndio wasafiri, kama walivyofanya Nairobi. Msanii alipwe. Mnazi Mmoja iwe ya mwisho wa mwaka, mitaa yote ikishachorwa, ndipo iletwe pamoja.

Ila saa kumi jioni Jumapili si saa ya wanawake. Hiyo saa maji yanatoka, chakula cha usiku kinaandaliwa, watoto wanaogeshwa. Mkiweka saa kumi mtapata wanaume wa kijiweni na mawazo ya wanaume wa kijiweni. Wekeni saa tatu asubuhi.

#15 FundiBurashi

Dada, saa tatu asubuhi imepita. Na kwa kuwa MtuWaJangwani amekubali mstari wa bluu, napendekeza tuanzie upande wa Kigogo, mtaa ambao nyumba zimebaki. MpimaMtaa, ile ramani yenu ya wazi bado inapatikana? Tukiichapa tutapata pa kuanzia. Ofisa #11, ukiweza kuja bila sare na bila gari la ofisi utakaribishwa, utuonyeshe hiyo habari ya mita moja kwa mita 20.

Chokaa nitanunua mimi. Sijajua tu kama itashika kwenye udongo ule wa tope.

#16 MpimaMtaa

Ipo, ila ina miaka yake. Nyumba nyingi zitakuwa zimeondoka au zimeongezeka. Nitachapa vipande vinne tuviunge kwa gundi.

#17 MtuWaJangwani

Chokaa kavu haitashika, pale chini kuna unyevu mwaka mzima. Changanya na maji iwe nzito kama uji, umimine kwa chupa ya maji uliyotoboa kizibo, inachora vizuri na mvua ikinyesha inaondoka. Rangi ya mafuta usiguse, mwenyekiti wa mtaa atakuja juu. Kwa mistari ya ukutani ndiyo ulete mafuta, na ulete tina, kuta zile zina ukungu.

Nitaongea na mwenyekiti kesho jioni, ananijua. Anaweza kuuliza kama kuna posho. Nimwambie nini?